Kopo la Mvua la Sajini Kipkemboi

Jumanne, 11 Machi 2025. Mvua: 0.

Nimehamia kwa Baba hapa Nakwamekwi, mjini Lodwar, na sanduku moja na hasira zangu zote. Baba, Sajini mstaafu Kipkemboi, alituacha Jumapili ya tarehe mbili. Jumatano saa tatu asubuhi gari lake liliondoka Lodwar, Jumamosi tukamzika kwetu Nandi, na jana jioni nimerudi nikiwa hoi.

Nimerudi kwa sababu ya kopo. Tangu tarehe moja Julai mwaka 2000, alipotoka jeshini, kila siku saa tatu kamili asubuhi Baba alikuwa akienda kwenye kopo la shaba lililosimikwa uani, anamimina maji ya mvua kwenye gilasi ya vipimo, anaandika milimita daftarini. Mara nyingi hakukuwa na maji ya kumimina. Hapa ni Turkana jamani! Madaftari yake yamejaa sufuri. Tarehe thelathini Juni miaka inatimia ishirini na tano bila siku hata moja kurukwa. Jumapili ile alipima mwenyewe, akaandika sufuri yake, akanipigia simu. "Jelagat, kifua kinanibana. Nikizidiwa, nimalizie hiyo miaka. Kalamu ni wewe." Saa nane mchana hakuwepo tena.

Basi nimefungua daftari na kukuta nafasi nane tupu, kuanzia tarehe tatu hadi jana. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika ofisi ya kaunti. Nafasi tupu inaniwasha. Nikachukua kalamu nikajaza sufuri nane. Kwa jua hili, ingekuwa nini kingine?

Kisha nikasafisha. Nyuma ya jiko nimekuta chupa za plastiki za soda zimepangwa ukutani, zimefunikwa barabara, na vitambaa vya kanga vimefungwa shingoni. Zote tupu, isipokuwa moja yenye maji kidogo. Baba na takataka zake! Nimezitupa zote kwenye shimo la taka. Jioni nimemwona Nakiru, jirani anayeuza makaa, ameinama shimoni akiziokota moja moja. Hakuniomba wala hakunisalimu. Huyu ndiye jirani wa miaka ishirini na tano, na siku tunamwondoa Baba hata hakuja kutuaga. Watu wana roho ngumu.

Jumatano, 12 Machi. 0.

Alhamisi, 13 Machi. 0. Nimejikwaa kwenye jiwe lililopakwa rangi nyeupe hapo uani, karibu na mlingoti wa bendera wa Baba. Liko katikati ya njia bila sababu yoyote. Nimelitukana.

Jumamosi, 15 Machi. 0.

Kazi ya kupanga vitu vya marehemu nimeianza, na sijui kama nitaimaliza nikiwa na akili zangu. Saa za ukutani kumi na moja, kila moja na wakati wake. Kodiani. Mizinga minne ya nyuki. Ubao wa drafti. Pipa alilokuwa akiokea mikate. Daftari la ndege: ameorodhesha aina mia mbili na saba, na wa mwisho ameandika "simjui, ana dharau". Halafu sufu! Mfuko mzima wa sufu na sindano za kufumia. Mwanajeshi gani anafuma sweta Lodwar, mahali mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu?

Ndani ya Biblia yake nimepata karatasi. Kila kitu amekipa mwenyewe. Nyuki ni wa Lomenen, fundi wa baiskeli. Sindano na sufu ni za sista wa wodi ya wazazi. Kodiani, kile kinanda cha kuvuta, ni ya Adhieu wa Kakuma. Mwisho kabisa: "Kopo la mvua: Koplo anajua." Koplo gani tena? Wenzake wa jeshini wote walikuwa makaburini kabla yake.

Ndugu yangu Morgan amepiga kutoka Eldoret. Ana mnunuzi wa nyumba. "Dada, Juni ikiisha tunauza, unachukua uhamisho, unakuja huku kwenye baridi kama watu wengine." Nikamwambia sawa. Nilisema kwa moyo wote.

Jumapili, 16 Machi. 0.

Jumatatu, 17 Machi. 0. Bosi amelalamika kwamba naingia kazini saa tatu na nusu. Nimemwambia ni mambo ya msiba. Si uongo.

Jumamosi, 22 Machi. 0.

Sista amekuja kuchukua sindano. Kumbe hakuwa akifuma sweta. Zilikuwa kofia za watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao, ambao baridi inawaua hata kwenye joto la Lodwar. Ameniwekea moja mkononi, ilifunika vidole vyangu vitatu tu. "Mzee alituletea kumi na mbili kila mwezi, miaka tisa," akasema. "Alikuwa anaziacha mlangoni, anapiga saluti, anaondoka." Miaka tisa, na mimi nilikuwa nikimcheka mezani kwake.

Jumapili, 30 Machi. 0. Lomenen amechukua mizinga. Nimeumwa mara mbili, shavuni na kwenye heshima yangu.

Jumapili, 6 Aprili. 0.

Leo baada ya kanisa nimefungua daftari la kwanza kabisa. Ukurasa wa mbele ameandika maneno, si namba. Mwaka ule wa 2000 kikosi chao cha wahandisi kilipeleka maji Kaikor wakati wa ukame. Akatokea ofisa kutoka Nairobi, akauliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Mama mmoja mfugaji akamjibu siku kwa siku, mvua kwa mvua, hadi akataja mbuzi aliyezaa asubuhi ile. Ofisa akafunga faili lake, akasema, "Hakuna kumbukumbu." Baba ameandika chini yake: "Nilikuwa nimesimama pale na bunduki na sikusema kitu. Nimeona haya. Nikitoka jeshini nitahesabu mimi, kila siku. Siku kavu pia ni siku, lazima iandikwe."

Nimesoma mara tatu. Halafu nimefungua daftari la mwaka huu, nikaziona zile sufuri zangu nane, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini. Nimelifunga haraka.

Jumamosi, 12 Aprili. 2.6!

Mvua! Imenyesha alfajiri, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimeshasimama pale na gilasi kama mjinga, nikisubiri dakika. Maji yenyewe hayajai kikombe cha kahawa. Nimeandika mbili nukta sita na nikataka kumpigia mtu simu, lakini mtu wa kumpigia nimemzika.

Nilipogeuka, Nakiru alikuwa kwenye ua wa miba, ananitazama. Mimi, kisha kopo, kisha mimi.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok. Unatafuta nini?"

"Hapana. Naangalia tu."

Nimekwenda dukani nikanunua kufuli la geti. Siwezi kukubali mtu aje achezee kopo la Baba zikiwa zimebaki siku themanini.

Jumapili, 13 Aprili. 0.

Jumamosi, 19 Aprili. 5.0. Watoto wa jirani wanaogelea kwenye dimbwi. Hewa inanuka udongo.

Jumatano, 23 Aprili. 0. Mawingu upande wa Loima. Nimeomba ruhusa ya Ijumaa kazini nipeleke kodiani Kakuma. Nitapima saa tatu, niondoke, jioni niwe nimerudi. Hesabu yangu haina kasoro.

Ijumaa, 25 Aprili. 0. Naandika nikiwa Kakuma.

Mambo yameharibika. Nilifika saa sita, nikampata Adhieu kanisani kwao katika kambi ya wakimbizi. Ni mama wa makamo, mrefu kama wenzake wa Bor, Sudan Kusini, na kiongozi wa kwaya. Nilipofungua sanduku akaona kodiani, alikaa chini kwenye mchanga pale pale. "Sajini amekufa," akasema. Hakuwa anauliza. Nikaona haya. Miezi miwili, na hakuna aliyemwambia.

Aliivaa, akaipiga. Jamani. Kwanza nikajua wimbo ule ni wa gwaride, Baba alikuwa akiupiga mluzi akinyoa ndevu. Halafu kwaya ikaingia kwa Kidinka, wanawake arobaini na ngoma, na gwaride likageuka kuwa sala. Nimelia mbele za watu nisiowajua, na hawakushangaa.

"Yeye alikuja hapa kila mwezi, miaka kumi na tatu," Adhieu akaniambia. "Anafundisha watoto. Sisi tunaogopa mtu wa jeshi, unajua, sisi tumeona jeshi. Yeye akakaa na sisi chini, akasema, mimi ni mwanafunzi wa huu wimbo wenu. Kalas, basi, tukamkubali. Wakati mwingine analala hapa kwetu. Namwuliza, Sajini, na mvua yako ya saa tatu je? Anacheka. Anasema, Koplo amebaki zamu."

"Koplo gani?"

"Mimi najua? Koplo yake."

Basi Koplo yupo. Au alikuwepo. Nikaaga nikitaka kuwahi gari la saa tisa, na hapo ndipo nikaambiwa: mvua kubwa imenyesha huko juu, korongo limefurika kati yetu na Lodwar, maji yamekula barabara. Magari yote yamegeuzwa.

Jumamosi, 26 Aprili. Sijui.

Saa tatu imenikuta kitandani kwa Adhieu, natazama saa ya simu. Mtandao umekufa tangu jana. Huku inanyesha, na upande wa kwetu wingu ni jeusi tii. Nimeuliza pikipiki, nimeuliza lori. Dereva mmoja akanicheka, "Mama, maji yamebeba ng'ombe, wewe ni nani?"

Nimeanza kufikiria nani angenipimia. Funguo ninazo mimi. Kufuli nimelitia mimi. Na hata kama mtandao ungekuwepo, jirani wa miaka ishirini na tano namba yake ya simu sina. Nimeivunja kazi ya Baba kwa mikono yangu mwenyewe, zikiwa zimebaki siku sitini na sita.

Adhieu ameniletea chai. Nilipomweleza hakusema ni jambo dogo. Alikaa nami tu.

Jumapili, 27 Aprili. Sijui. Ibada. Kodiani tena. Nimemwomba Mungu, kisha nikamwomba Baba msamaha.

Jumatatu, 28 Aprili.

Naandika polepole maana sitaki kuharibu.

Barabara imefunguliwa asubuhi, nimefika nyumbani saa kumi jioni. Kufuli liko vile vile. Nikafungua, nikaenda moja kwa moja kwenye kopo. Kavu. Nikajua jua limeshakunywa kila kitu. Nikakaa kwenye lile jiwe jeupe nikalia kama mtoto.

"Usikae hapo," sauti ikasema. "Hapo ni saa."

Nakiru alikuwa getini. Mikono yake yote miwili, kuanzia kiwiko, imechanika, damu imekauka. Kifuani amekumbatia chupa tatu za soda.

"Mimi nakuja Jumamosi, geti iko na kufuli," akasema. "Sasa mimi napita kwa miba. Kivuli ya mlingoti ikifika jiwe, ndiyo saa tatu. Mzee alinionyesha."

Akazipanga chini mbele yangu. Ya kwanza, kitambaa shingoni chenye fundo moja, imejaa karibu hadi mdomoni. Ya tatu, mafundo matatu, ina maji kiasi. Ya katikati ilikuwa na mafundo mawili na haikuwa na kitu. Tupu kabisa, kavu, na kifuniko kimekazwa hata nilishindwa kukifungua.

"Hii imemwagika?" nikauliza.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la ajabu. "Haikunyesha. Jumapili haikunyesha. Hiyo ndiyo ya Jumapili."

Mungu wangu! Amepita kwenye miba akachanika mikono, kwenda kulinda siku kavu.

"Wewe ni nani?" nikasema, nikijua vizuri nasema na nani.

Akanyoosha mgongo, akapiga saluti safi kabisa, na akacheka hadi pengo likaonekana. "Koplo."

Nimepima. Tarehe 26: 37.0. Tarehe 27: 0. Tarehe 28: 6.4. Nimeandika, nimemwosha mikono kwa maji ya chumvi, nimempikia ugali, ameula bila kunisifu.

Jumanne, 29 Aprili. 0.

Sikulala vizuri. Chupa za Machi! Zile za nyuma ya jiko, zilizofunikwa, zenye vitambaa shingoni. Nane. Zilikuwa nane, na moja ilikuwa na maji. Alizihifadhi siku zote tukiwa kwenye msiba, na mimi nikazitupa shimoni, kisha nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Ilinyesha siku mojawapo, na sasa haijulikani ni ipi wala kiasi gani. Nikimwuliza nitalazimika kumwambia nilichofanya.

Alhamisi, 8 Mei. 11.2.

Jumatano, 14 Mei. 0. Kufuli nimelitoa. Nakiru anaingia saa mbili na nusu, tunakunywa chai, tunasubiri kivuli. Si msemaji. Leo amenieleza kwamba Baba alimwomba kazi hiyo alipougua malaria mwaka 2003. "Akasema, Nakiru, wewe hujui kuandika, lakini unajua kuweka."

Jumapili, 25 Mei. 1.8. Huenda ndiyo ya mwisho ya msimu.

Jumatatu, 9 Juni. 0.

Ijumaa, 20 Juni. 0. Morgan amepiga. Mnunuzi anakuja Julai. Nimesema nina kazi nyingi.

Jumamosi, 28 Juni. 0. Nimeufunua ukurasa wa Machi na kuufunika mara kumi. Sufuri nane zinanitazama. Keshokutwa natakiwa kutia sahihi chini ya miaka ishirini na tano. Siwezi. Baba hakuwahi kuandika asichokiona.

Jumatatu, 30 Juni. 0.

Tumepima pamoja. Kivuli kikafika jiwe, Nakiru akainua kopo, akaligeuza, halikudondosha kitu. Nikaandika sufuri. Akasubiri, kama kawaida yake, kana kwamba kuna kitu bado. Nikajikuta nasema yote.

"Nakiru, miaka haijatimia. Mimi nimeikata. Tulipokuwa kwenye msiba uliweka chupa nane, nikazitupa. Nikaandika sufuri kwa kubuni. Nimemharibia mzee kazi yake, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia." Machozi yalinitoka, na nikamalizia na lililokuwa rohoni tangu Machi: "Nilikukasirikia kwamba hukuja hata kumuaga. Sina haki ya kumkasirikia mtu."

"Gari ya mzee ilitoka saa tatu," akasema. "Mimi ningeacha kopo na nani?"

Kisha akaondoka. Nikadhani nimemuudhi. Akarudi amebeba gunia la makaa, akaliinamisha pale uani taratibu, na zikatoka chupa. Fundo moja, mawili, matatu. Nane zote. Na zile tatu za Aprili juu yake.

"Uliziokota," nikasema. Nilimwona kwa macho yangu akiziokota!

"Mimi nafikiri umeshapima, ndiyo unatupa. Lakini mzee alisema chupa haitupwi mpaka yeye aseme imeandikwa. Yeye anasema, 'Imeandikwa, Koplo.' Ndiyo mimi namwaga. Wewe hujasema. Hata ya Aprili hujasema."

Miezi minne amelala na gunia hilo chumbani kwake, akingoja maneno mawili kutoka kwangu.

Nimeleta gilasi na daftari. Ya fundo moja: tupu. Mawili: tupu. Matatu, siku tuliyomwondoa Baba: tupu. Ya mafundo manne, tarehe sita Machi, nilimimina bila kupumua. Nne nukta mbili. Nikakata sufuri yangu kwa mstari mmoja, kama sheria ya ofisi inavyotaka, nikaandika 4.2, nikatia sahihi pembeni. Nakiru akapaka kidole gumba masizi ya gunia, akakibandika karibu na jina langu bila kuambiwa. Zile nyingine zilikuwa sufuri, na sasa ni sufuri za kweli.

Ishirini na tano. Hakuna siku iliyorukwa. Nilisimama wima kadiri mgongo wangu wa karani unavyoweza.

"Imeandikwa, Koplo."

Akafungua mafundo moja moja, bila haraka. Ile chupa ya Machi akaimwaga juu ya lile jiwe jeupe, nalo likakauka kabla hajafunga gunia.

Jumanne, 1 Julai. 0.

Amepima Koplo, nimeandika mimi. Nimempigia Morgan kumwambia nyumba haiuzwi.